Mashine ya CNC isiyopata nyumbani: utengeneze swichi, uweke sensa, au uishi bila vyote?

Umetuma amri ya $H, inayoiambia mashine yako ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) iende nyumbani, kona yake ya kuanzia kuhesabu. Z, mhimili wa juu na chini, imepanda, imegusa swichi, imerudi kidogo, vizuri. Kisha X na Y zikaanza safari. X ikafika mwisho wa reli na haikusimama: inasukuma ukuta, mota inanguruma, nawe unakimbilia kuchomoa plagi. Siku nyingine mambo ni kinyume. Mashine inasogea milimita moja tu, inasimama, na kwenye skrini pameandikwa ALARM:8, kana kwamba imeshafika.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwenda dukani kutafuta swichi mpya, au tunaambiwa na rafiki kwamba swichi ni mambo ya kizamani, weka sensa. Rafiki mwingine anasema sensa za nini, kuna draiva (saketi zinazoendesha mota) zinazohisi zenyewe mhimili ukikwama. Na yuko yule mzee wa kazi anayechonga mwaka wa tano sasa bila swichi hata moja. Wote wana hoja. Nimeandika haya kwa ajili ya aliyekwama katikati yao, mwenye mashine ndogo ya nyumbani: 3018 na ndugu zake, au ile aliyoijenga mwenyewe, inayoendeshwa na programu ya GRBL 1.1 juu ya bodi ndogo ya Arduino Uno au Nano.

Kwa nini ujisumbue na nyumbani

Mashine hizi zikiwashwa hazijui zipo wapi. Mota za stepa husogea kwa hatua, bodi huzihesabu hatua hizo tu, na hesabu hiyo hupotea umeme ukizima. Nyumbani ni kona moja isiyohama, ambapo mashine ikigusa swichi inasema: hapa ndipo ninapoanzia kuhesabu.

Kwetu jambo hili lina uzito wake kwa sababu ya umeme. Umeme ukikatika kibao cha mninga kikiwa na saa mbili mezani, mwenye nyumbani ya kuaminika hana haja ya kukitupa. Sifuri ya kazi (mahali kwenye ubao pa kuanzia kuchonga) iliyowekwa kwenye G54 huhifadhiwa ndani ya EEPROM, kumbukumbu ya kudumu ya Arduino, haifutiki. Umeme ukirudi unatuma $H, mashine inajipata, G54 inasomeka kutoka pale pale, unaendelea na mstari ulioachia. Angalizo: sifuri iliyowekwa kwa G92, amri nyingine ya kuweka sifuri, haihifadhiwi. Kama programu yako inatumia G92, badilisha zoea hilo leo.

Faida ya pili ni mipaka ya programu, yaani $20 (namba zenye alama ya $ ni mipangilio ya GRBL). GRBL hukataa kuiwasha kama $22, inayoruhusu kutafuta nyumbani, imezimwa. Bila nyumbani, mashine haina namna ya kujua kwamba faili lako linaipeleka nje ya meza.

Kwanza uliza: ni swichi kweli?

Nakaa hapa kwa muda kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mimi mwenyewe nilibadilisha swichi tatu za X kabla sijaelewa kwamba hakuna hata moja iliyokuwa mbovu.

Chukua kidole chako. Mashine ikiwa imesimama, bonyeza swichi ya X kwa mkono na uishikilie, kisha tuma alama ya kuuliza. Jibu la GRBL litakuwa na Pn:X ndani yake, yaani swichi ya X imebonyezwa. Achia, uliza tena: Pn iondoke. Rudia kwa Y na Z. Jaribio hili halichukui dakika mbili, nalo linatenganisha matatizo ya umeme na matatizo ya mpangilio. Kama Pn inakuja na kuondoka inavyotakiwa, swichi na waya ni vizima mashine ikiwa imetulia, na kosa liko kwenye namba ulizoweka, au kwenye kelele za umeme zinazotokea mashine ikiwa kazini.

Sasa angalia namba ya onyo.

ALARM:9 maana yake ni kwamba mashine imetafuta, haikupata. Huenda haikusikia swichi, huenda imekwenda upande usio na swichi (rekebisha $23), huenda imechoka njiani. Hili la mwisho huwapotosha watu sana. GRBL hutafuta kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu uliouandika kwenye $130, $131 na $132. Thamani inayokuja nayo ni milimita 200, kwa hiyo itatafuta milimita 300 halafu ikate tamaa. Mwenye meza ya milimita 600 ataona mhimili umesimama katikati ya reli, mbali na swichi, na atailaumu swichi ambayo haijaguswa.

ALARM:8 maana yake ni kwamba imegusa, imerudi nyuma, na swichi bado inasema imebonyezwa. Mara nyingi umbali wa kurudi, $27, ni mdogo mno. Unakuja ukiwa milimita 1, na ulimi mrefu wa swichi unaweza kuhitaji zaidi ya hapo ili uachie. Weka 3, jaribu tena. Lakini kama Pn:X inaonekana hata mhimili ukiwa katikati ya meza, tatizo si $27. Waya umekatika au umegusana na mwingine, au $5, inayosema swichi isomwe vipi, imegeuzwa, na GRBL inasoma kinyume.

Z peke yake ikikataa kwenye bodi ya zamani ya CNC Shield, angalia pini. Bodi zile zilichapwa wakati swichi ya Z ilipokuwa pini ya 11. GRBL ya sasa imeikabidhi pini hiyo kasi ya spindo (mota inayozungusha kisu), na swichi ya Z imehamia pini ya 12, ambayo kwenye bodi hiyo imeandikwa SpnEn. Hamisha waya, kazi imekwisha.

Na mimi na swichi zangu tatu? Waya wa swichi ya X nilikuwa nimeufunga pamoja na waya wa spindo kwa tai za plastiki, sentimita themanini zote, kwa unadhifu. Nilijivunia ule unadhifu. Kila spindo ilipoanza kuzunguka, waya wa swichi uliokota kelele na GRBL ikadhani imegongwa: ALARM:1 katikati ya kazi. Nilizikata zile tai, nikapitisha waya upande wa pili wa fremu, onyo likakoma.

Vipimo tutakavyotumia

Kama umepita hapo na bado unaona unahitaji kubadilisha kitu, pima kila chaguo kwa mambo haya.

Usahihi wa kurudia: mashine ikienda nyumbani mara kumi, inasimama mahali pale pale? Mazingira: unga wa MDF, maranda, chipsi za alumini, na hewa ya chumvi kwa sisi wa pwani. Kelele za umeme na kazi ya kufunga: waya mingapi, voliti ngapi, bodi yako inakubali? Ikiharibika: inasimamisha mashine, au inaiacha ijigonge? Mwisho ni gharama, ambayo sitaiandika kwa shilingi kwa sababu inabadilika kila duka na kila mwezi; nitasema tu ipi ni nyepesi na ipi ni nzito.

Kipimo cha "ikiharibika" ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote. Milimita 0.02 unaweza kuishi bila kuiona. Mashine kujigonga hadi nati ya skrubu ikaliwa, hapana.

Chaguo la kwanza: swichi ndogo ya kubonyeza, iliyofungwa upya

Hii ni ile swichi nyeusi yenye ulimi wa bati, wakati mwingine na kigurudumu kwenye ncha, na miguu mitatu: COM (wa pamoja), NO (hauunganishi mpaka ubonyeze) na NC (unaunganisha mpaka ubonyeze). Siri yake yote iko kwenye mguu unaouchagua.

*Usahihi.* GRBL hugusa mara mbili, kwanza kwa kasi ($25), kisha taratibu ($24). Mguso wa pili ndio unaohesabiwa. Swichi nzuri iliyofungwa imara hurudia ndani ya sehemu chache za mia za milimita, na hiyo inatosha kabisa kwa mbao. Ulimi mrefu hupunguza usahihi, kwa sababu ncha inatembea sana kabla kitufe hakijabonyea. Kama nafasi inaruhusu, toa ulimi, mhimili uguse kitufe chenyewe.

*Mazingira.* Unga wa mbao hukaa chini ya ulimi na kuuzuia usirudi. Kwa hewa ya bahari kuna jambo lingine. Rezista ya ndani ya chipu ya Uno, inayovuta pini hadi voliti 5, ni kati ya kiloomu 20 na 50, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye swichi ni sehemu ya kumi au robo ya miliampia. Mkondo huo ni mdogo mno kusafisha ukungu wa kutu kwenye viguso. Swichi inabonyea, unaisikia ikilia tik, lakini umeme haupiti.

*Kelele na kufunga.* Funga waya kati ya COM na NC, si NO, kisha weka $5=1. Sasa umeme unapita muda wote, na pini imeshikwa imara kwenye ardhi ya bodi (GND). Kelele ndogo haziwezi kuitikisa. Mwenye NO ana waya mrefu unaoning'inia kwa kutegemea rezista ile dhaifu tu, na huo kwa hakika ni antena. Ongeza rezista ya kiloomu 4.7 kutoka voliti 5 hadi kwenye pini, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kutoka kwenye pini hadi ardhini, vyote karibu na bodi. Rezista hiyo pia inaongeza mkondo hadi kama miliampia 1, jambo linalowafaa wa pwani. Ukipata waya wenye ganda la kuzuia kelele, unganisha ganda hilo na ardhi upande wa bodi tu, upande wa swichi liache wazi. Mahali waya wa swichi na wa mota inapolazimika kukutana, ipishane kama msalaba, isitembee sambamba.

*Ikiharibika.* Kwa NC, waya ukikatika GRBL inaona swichi imebonyezwa: inasimama na kukataa kazi. Kwa NO, waya ukikatika hakuna anayejua mpaka mashine igonge. Mashine nyingi nilizozikuta zina NO kwa sababu tu $5 inakuja ikiwa 0 na kila kitu kinaonekana kufanya kazi siku ya kwanza.

*Gharama.* Nyepesi kuliko zote. Kapasita na rezista ni vya bei ya chai.

*Inamfaa* anayechonga mbao, anayejua kulehemu kidogo, na ambaye yuko tayari kupuliza vumbi kila anapomaliza kazi.

Chaguo la pili: sensa ya chuma

Ile silinda yenye nyuzi za bolti na uso wa rangi ya chungwa au buluu, inayowasha taa nyekundu ikisogelewa na chuma. Inayopatikana kwa wingi ni LJ12A3-4-Z, kipenyo milimita 12, inayoona chuma kwa umbali wa milimita 4.

*Usahihi.* Mzuri sana, maana haigusi kitu na haina sehemu ya kuchakaa. Ila ile milimita 4 ni ya chuma cha kawaida. Alumini huonekana kwa karibu zaidi, theluthi hadi nusu ya umbali huo. Fremu yako ikiwa ya alumini, kaza bolti ya chuma mbele ya sensa iwe ndiyo shabaha. Tena, sensa huachia mbali kidogo kuliko inapowakia, kwa hiyo $27 ya milimita 1 inaweza isitoshe.

*Mazingira.* Hapa ndipo inapojilipia. Unga wa mbao hauuoni kabisa, hata ukijaa juu yake. Imefungwa, haina mahali pa chumvi kuingia. Anayekata alumini ajihadhari tu na chipsi zinazojikusanya usoni mwake.

*Kelele na kufunga.* Hapa inadai umakini. Ina waya tatu: kahawia kwa umeme, buluu kwa ardhi, nyeusi kwa ishara. Inataka voliti 6 hadi 36, kwa hiyo watu huipa umeme kutoka ile voliti 24 au 12 ya mashine. Hatari iko hapo. Baadhi ya sensa hizi zina rezista ndani inayovuta waya mweusi hadi voliti ya chanzo, na Arduino yako inavumilia 5. Kabla ya kuunganisha, washa sensa peke yake, weka mita kati ya waya mweusi na wa buluu, isogeze na uiondoe kwenye chuma, usome. Ukiona 12 au 24, usiuguse waya huo kwenye bodi. Pitisha kwenye optokapla (kijisehemu kinachopitisha ishara kwa mwanga, pande mbili zisiunganike kwa umeme), ambayo pia inatenga kelele vizuri kuliko kapasita yoyote.

Angalia pia herufi za mwisho za jina la sensa. BX ni NPN (huvuta ishara hadi ardhini) inayowaka ikiona chuma, AX ni NPN inayozima ikiona chuma. BY ni PNP (husukuma ishara hadi voliti ya chanzo), hiyo haiendani moja kwa moja na bodi hizi. Na kumbuka $5 hugeuza mihimili yote kwa pamoja: huwezi kuweka swichi za NC kwenye X na Y, kisha BX kwenye Z, ukatarajia namba moja iwatosheleze wote.

*Ikiharibika.* AX hutenda kama NC: umeme wake ukikatika, mashine inasimama. BX ikikosa umeme hukaa kimya, na mashine hujigonga. Optokapla inaweza kugeuza mantiki hii, kwa hiyo ukishafunga, chomoa umeme wa sensa kwa makusudi, tuma alama ya kuuliza, uone kama Pn inajitokeza.

*Gharama.* Ya kati, na zidisha kwa mihimili mitatu.

*Inamfaa* mwenye karakana yenye vumbi zito, anayefanya kazi za wateja kila siku, na anayejua kutumia mita bila kubahatisha.

Chaguo la tatu: jicho la mwanga

Kijisahani chenye mfano wa herufi U: upande mmoja taa ya infraredi, upande wa pili jicho. Bati jembamba likipita katikati, mwanga unakatika.

*Usahihi* wake ni wa juu, pengine kuliko yote niliyoyataja, na hauhitaji nguvu yoyote kuubonyeza. *Kufunga* ni rahisi: waya tatu, voliti 5 ile ile ya bodi, hakuna hofu ya kuunguza pini.

Lakini *mazingira* yanalishinda. Unga wa MDF ni mwepesi, unaelea, unatua kwenye lenzi hadi jicho linaona giza muda wote. Nimewahi kulisafisha jicho moja kwa kitambaa asubuhi na jioni likawa limeziba tena. Jua linaloingia dirishani nalo huweza kulichanganya kama halina kifuniko. *Likiharibika*, inategemea moduli: soma kama taa yake ikizima pini inakuwa juu au chini, kisha chagua $5 ili taa iliyoungua isomeke kama kikomo kilichofikiwa. *Gharama* ni nyepesi.

*Linamfaa* mwenye mashine ya leza, ya kuchora saketi au ya kalamu, ndani ya chumba kisafi au sanduku lililofunikwa. Kwa mbao ningeliweka tu mahali ambapo mfuko wa upepo wa kunyonya vumbi uko karibu sana na kisu.

Chaguo la nne: draiva inayohisi kukwama

Draiva za Trinamic, kama TMC2209 na TMC5160, zinaweza kupima mzigo wa mota na kutambua mhimili ulipogota. Hakuna swichi, hakuna waya mrefu, hakuna cha kuokota kelele. Ndoto nzuri. Kwa wenye printa za 3D imekuwa kweli kwa miaka.

*Usahihi.* Unafungamana na hatua kamili za mota. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kwenye skrubu ya T8 inayosogeza milimita 4 kwa mzunguko kama ya 3018, hatua moja ni milimita 0.02. Kwenye mkanda wa GT2 wenye kapi ya meno 20, mzunguko mmoja ni milimita 40, kwa hiyo hatua moja ni 0.2. Kukosea kwa hatua chache kwenye skrubu hakuonekani. Kwenye mkanda ni karibu milimita nzima.

*Mazingira.* Vumbi halina la kufanya nalo moja kwa moja. Ila reli ikijaa unga na kuwa nzito, draiva inaweza kudhani imegota kabla haijafika. Mafuta ya reli, baridi ya asubuhi, mkanda uliokazwa zaidi, vyote vinabadilisha kizingiti ulichokiweka.

*Kufunga.* Hapa wengi hukwama wakiwa tayari wameshanunua. GRBL ya kawaida kwenye Uno haina uwezo huu. Unahitaji bodi na programu nyingine, kwa mfano FluidNC kwenye ESP32, au grblHAL. A4988 na DRV8825, zilizojaa kwenye mashine za bei nafuu, hazihisi chochote. Kisha kuna kupanga kizingiti kwa kila mhimili, kwa kasi maalumu, kwa kuwa mota ikienda taratibu mno draiva haiwezi kupima.

*Ikiharibika.* Kizingiti kikipotoka, mashine hujigonga, au husimama katikati na kujiita imefika nyumbani. Hilo la pili linanitisha zaidi, kwa sababu halitoi onyo. Unagundua kisu kimezama mezani. Kwa Z yenye spindo nzito kwenye skrubu, sikushauri. Skrubu ina nguvu nyingi, na inapogota hujibana.

*Gharama* ni nzito ukihesabu bodi mpya.

*Inamfaa* anayejenga mashine mpya nyepesi ya mkanda, ambaye bodi ya ESP32 ameshaipanga kwenye bajeti, na anayefurahia kupanga namba.

Chaguo la tano: bila nyumbani

Zima $22, sogeza kisu kwa mkono hadi kona ya ubao, weka sifuri, chonga. Sikuweka chaguo hili kwa kejeli. 3018 nyingi zimeuzwa bila swichi, na watu wanaishi nazo vizuri.

*Usahihi* ni wa macho na mkono wako, mpaka utumie sahani ya kugusia. Kwenye Uno, waya wake huenda pini ya A5, na amri ya G38.2 hushusha kisu hadi kiguse sahani. Kwa Z hiyo ni sahihi kuliko karatasi chini ya kisu. *Mazingira* hayana cha kuharibu. *Kelele* haina pa kuingilia.

*Ikiharibika*, maana yake hapa ni umeme kukatika. Jitayarishe kabla: kwa kisu cha ncha ya V, toboa alama mbili ndogo kwenye ubao wa kafara wa meza, uandike namba zake kwa kuhesabu kutoka sifuri ya kazi. Umeme ukirudi, rejesha ncha kwenye alama, weka namba zile. Usidhani kwamba kwa sababu hakuna aliyegusa mashine, ipo pale pale. Mota ikipata umeme upya huruka kwenye pozi la karibu, na hiyo inaweza kuwa hadi hatua mbili kamili: milimita 0.04 kwenye skrubu ya 3018, 0.4 kwenye mkanda ule.

*Inamfaa* mwenye meza ndogo na kazi za dakika ishirini, kila kipande na sifuri yake. *Haimfai* anayechonga vibao kumi vinavyofanana kwenye kishikizo kimoja.

Sasa, kwa hali yako

Kama tatizo limeanza juzi kwenye mashine iliyokuwa ikifanya kazi, usibadilishe aina ya kitambuzi. Kitu kimelegea au kimekatika. Rudi kwenye kidole na alama ya kuuliza, fuata waya hadi mwisho, hasa pale unapojikunja kila mhimili unapotembea.

Kama linakuja na kuondoka, na huja zaidi spindo ikiwaka, hama NO uende NC, tenganisha waya, ongeza kapasita na rezista. Bado likiendelea, optokapla. Sensa ya chuma bila kutenganisha waya itapata kelele zile zile.

Kama swichi zinakufa kwa vumbi au kutu kila baada ya miezi michache, na mashine inakulisha, sensa ya chuma ya aina ya AX yenye optokapla ina maana. Anza na Y, ambayo kwenye mashine nyingi ndiyo inayopokea maranda yote, lakini hakikisha X na Z nazo ni NC ili $5 iwe moja.

Kama unachora saketi za shaba kwenye chumba kisafi na unataka mashine irudi pale pale kwa upande wa pili wa bodi, jicho la mwanga, chini ya kifuniko.

Kama umenunua 3018 wiki iliyopita na hujachonga hata kibao kimoja, chonga kwanza bila nyumbani. Baada ya kazi tano sita utajua kama umeme wa mtaani kwako na aina ya kazi zako vinakudai swichi.

Na kama ndiyo kwanza unakata alumini za fremu mpya, pitisha waya wa swichi upande wa kushoto na wa spindo upande wa kulia tangu mwanzo. Toboa tundu la milimita 12 kwenye kila mwisho wa mhimili hata kama leo unafunga swichi ya kubonyeza, acha nafasi ya bolti ya chuma upande wa pili, na waya uutoe wenye nyuzi tatu hata kama mbili zinakutosha. Siku utakayobadilisha mawazo, hutafungua fremu.